Kura ya Jirani Mwema

Alhamisi, tarehe 14 Machi. Asubuhi ile manyunyu yalikuwa hayakati. Mbingu ilikuwa imeinama kama mtu aliyeletewa habari mbaya, na kijiupepo cha baridi kilipenya mpaka ndani ya chumba cha kubadilishia nguo cha kliniki ya meno.

"Shoga, umeng'olewa jino au umeona jini?"

Aliyeuliza alikuwa mwenzake wa zamu, mwanamke asiyeweka neno akiba. Aliyeulizwa alikuwa muuguzi ambaye marafiki zake wa mtandaoni walimwita Sindano. Alikuwa amesimama kavaa mkono mmoja wa koti jeupe, wa pili unaning'inia, macho yameganda kwenye simu.

"Nimezuiwa."

"Kuingia wapi?"

"Kuhariri. Kwenye ensaiklopidia."

"Ile mnayoandika usiku na mchana bila hata senti?"

"Hiyohiyo."

"Basi kapumzike, mwenzangu. Mungu kakujibu."

Sindano hakucheka. Alimpa simu asome mwenyewe.

"Akaunti ya Sindano imezuiwa kuhariri kwa mwezi mmoja. Sababu: kupiga kura kwa akaunti ya pili, ya siri, katika mjadala. Aliyezuia: Kifutio."

Mwenzake alisoma, akarudia tena taratibu, kisha akaketi kwenye benchi.

"Kifutio si ndiye..."

"Ndiye."

"Mchumba wako? Ambaye keshokutwa mjomba wake anakuja kwenu kuleta posa?"

"Huyohuyo."

"Ama kweli kikulacho..."

"Usimalizie, nakuomba."

Walikuwa wamekutana humohumo kwenye ensaiklopidia. Ni ensaiklopidia huru ya mtandaoni, kila mtu anaweza kuandika, na kila mtu anaweza kumsahihisha mwenzake. Makala ya kwanza ya Sindano ilihusu meno ya utotoni. Haikumaliza hata siku, Kifutio akaibandika alama ya kufutwa: "Hakuna vyanzo." Sindano akamjibu kwenye ukurasa wa majadiliano: "Chanzo ni kinywa chako, kamuulize mama yako." Wakabishana wiki nzima mbele ya macho ya watu. Wiki iliyofuata wakabishana kwa ujumbe wa faragha. Baadaye wakakosa cha kubishania, wakabaki wanaandikiana tu. Ndivyo mapenzi yalivyoanza.

Kifutio alikuwa mkabidhi, yaani mmoja wa wahariri wachache waliokabidhiwa na wenzao funguo za kufuta makala na kuwazuia wavunja kanuni. Watu walimwamini. Hata Sindano alimwamini, mpaka asubuhi ile.

Aliinama kidogo, akafumba macho. "Ee Mungu, nishike ulimi wangu," alinong'ona. Kisha akapiga simu.

"Haloo! Subiri nitoke nje, mitambo inapiga kelele." Kifutio alikuwa fundi katika kiwanda cha uchapishaji. Mlango ukasikika ukifungwa. "Nilijua utapiga."

"Mimi sikujua. Nilidhani wewe ndiye ungenipigia kwanza."

"Nisikilize. Unaujua ule mjadala kuhusu makala ya baba yako."

Angeacha vipi kuujua? Marehemu baba yake alikuwa refa wa mpira, mtu aliyewahi kumtoa kwa kadi nyekundu shemeji yake mwenyewe, halafu jioni wakala meza moja. Mwanafunzi mmoja wa chuo aliandika makala juu yake, na mhariri mwingine akapendekeza ifutwe. Sindano aliandika pale neno moja tu, kwa uwazi: "Huyu ni baba yangu, kwa hiyo sipigi kura. Naomba tu muda wa kutafuta magazeti ya zamani." Kanuni ilikuwa wazi: mwamba ngoma huvutia kwake, ndugu wa mtu asiandike habari za mtu wake.

"Juzi ilizuka akaunti mpya," Kifutio aliendelea. "Inajiita Jirani Mwema. Haijawahi kuhariri hata nukta. Imefunguliwa, imepiga kura baba yako abaki, imenyamaza. Nikaangalia inatoka mtandao gani. Inatoka kwenu."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ningedhani nini?"

"Ungedhani una namba yangu."

"Ningekupigia ningekuwa nakupendelea. Mhariri mwingine asingepigiwa."

"Mhariri mwingine humuoi."

Mvua ilisikika upande wa pili, ikigonga bati.

"Nyumbani kwenu mpo wangapi?" Kifutio aliuliza.

"Mimi na mama."

Hapo akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi tu, kama mtu anayekohoa, lakini kilimwingia Sindano kama mwiba wa samaki kooni.

"Mama ndiye kafungua akaunti? Mama ambaye wewe unamsomea ujumbe wa simu?"

"Unamcheka mama yangu."

"Sikumcheka, nimesema..."

"Nikuulize jambo moja. Wakabidhi wenzako wanajua mimi ni nani kwako?"

Kifutio akaanza habari za mitambo.

"Wanajua?"

"Hawajui. Nilitaka tuwaambie baada ya posa."

"Na kanuni inasemaje mkabidhi akikutana na kesi ya mtu wake?"

"Anakaa pembeni. Anawaachia wengine."

"Wewe ulikaa wapi?"

Sindano alikata simu. Siku ile alikosea vifaa mara mbili, hata daktari akamtuma kupanga bandeji stoo. Kila simu ilipotikisika mfukoni, aliitoa kusoma. Ujumbe wa kwanza ulisema, "Naomba tuongee." Wa pili, "Kama si wewe, niambie ni nani." Wa tatu ulikuja jioni: "Mjomba anauliza Jumamosi ipo au haipo. Nimwambie nini?"

Hakujibu hata mmoja. Angejibu nini? Alimpenda mtu yule. Lakini aliogopa kuingia kwenye nyumba ambayo hukumu inatangulia swali.

Nyumbani alimkuta mama yake amepanda juu ya kigoda, anatundika mapazia mapya.

"Mwanangu, yanafaa? Au rangi inapiga kelele?"

"Mama, shuka."

"Nimebakiza ncha hii. Wageni hawawezi kukuta dirisha uchi."

"Mama, huenda Jumamosi haipo."

Mama alishuka. Aliweka nyundo chini kwa uangalifu, kana kwamba ni yai. Sindano akamweleza yote, ila kile kicheko alikificha. Mama alisikiliza huku anafuta mikono kwenye kanga, akifuta hata pale palipokwisha kauka.

"Hiyo akaunti ya pili inajiitaje?"

"Jirani Mwema."

Mama alikaa kwenye kochi. Midomo yake ilicheza bila sauti, Sindano akajua anaomba.

"Mama?"

"Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Jirani Mwema. Ni mimi, mwanangu."

Sindano alijua kwamba mama anasoma jioni darasa la watu wazima. Alijua amefika kwenye kuandika barua. Hakujua kwamba mwalimu wao amekwisha kuwafundisha kompyuta.

"Mwalimu alisema kila mtu atafute jina analolijua," mama alieleza. "Wengine wakatafuta waimbaji. Mimi nikamtafuta baba yako. Akatokea! Nikalia pale darasani, wenzangu wakadhani kompyuta imenichoma. Halafu nikaona maandishi juu yake, nikaja kuyasoma hapa nyumbani kwenye simu, neno kwa neno, kidole juu ya kioo. 'Hana umuhimu wa kutosha.' Mwanangu, mimi nimemzika mtu yule. Nilimvua viatu kila jioni vina matope. Leo watu wasio na sura wananiambia hana umuhimu?"

"Mama, wana maana nyingine..."

"Nikaandika, 'Alikuwa na umuhimu. Nilikuwepo.' Lakini nilikusikia wewe ukisema ndugu haruhusiwi kuandika. Ndiyo nikajifanya jirani." Machozi yalimtoka. "Nimekuvunjia posa kwa kidole kimoja."

Sindano alimkumbatia. Alitamani kucheka, akalia. Wakapiga magoti hapohapo kati ya mapazia, mama akaomba kwa sauti, akamtaja Mungu, akamtaja marehemu, mwisho akamtaja hata Kifutio.

"Huyo unamwombea nini?"

"Nimwombee nani, mwenye afya?" Mama aliinuka, akajifunga kanga vizuri. "Nipe simu nimwambie."

"Hapana. Ukimwambia wewe atanirudia kwa sababu nimeshinda kesi. Mimi sitaki kushinda kesi."

"Unataka nini?"

Sindano alifikiri. "Nataka kujua kama ananijua."

Kila mwezi, siku ya Ijumaa jioni, wahariri wa mji ule walikutana katika chumba cha nyuma cha maktaba, chenye meza ndefu na soketi moja inayogombewa. Ijumaa ile, yaani kesho yake, ajenda ya kwanza ilikuwa Sindano mwenyewe, ingawa hakualikwa. Aliingia mama yake akiwa mbele.

Mwenyekiti alikuwa yule aliyependekeza makala ifutwe: msahihishaji mstaafu wa gazeti, ambaye kila mtu alimwita Mzee wa Vyanzo, kwa sababu inasemekana hata mkewe alipomwambia anampenda, alimuuliza imeandikwa wapi.

"Binti, wewe umezuiwa kuhariri," alisema. "Kukaa hujazuiwa. Karibuni."

Kifutio alikuwa mwisho wa meza. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha. Alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa, leo si zamu yako." Mama aligeukia meza. "Mimi ndiye Jirani Mwema."

Mtu mmoja alifunga kompyuta yake taratibu.

"Akaunti niliifungua mimi. Kura nilipiga mimi. Huyu binti hakujua. Na mimi si jirani, ni mjane wa yule refa. Kwa hiyo nimesema uongo, kura yangu iondoeni. Lakini kuna neno limenichoma. Mmeandika hana umuhimu."

Mzee wa Vyanzo alivua miwani. "Mama, hiyo ni lugha yetu sisi wahariri. Maana yake ni kwamba hajaandikwa vya kutosha kwenye magazeti na vitabu."

"Basi andikeni hivyo."

Mtu mmoja akacheka chini chini, akajifanya anapiga chafya.

"Nitaandika hivyo," Mzee alisema mwishowe. "Na nitaongeza wiki mbili za kutafuta magazeti. Ila nisikudanganye, mama. Nisipoona gazeti, nitapiga kura ifutwe."

"Ifute. Mume wangu alifuta magoli mengi kuliko wewe, na watu walimsalimia."

Hapo chumba kizima kilicheka, isipokuwa wawili.

Kifutio alisimama. Safari hii hakukaa.

"Na mimi nina la kusema. Sindano ni mchumba wangu. Niliwaficha. Ningepaswa kukaa pembeni, na sikukaa. Niliogopa mkija kujua, mtasema nilimwachia. Nikakimbilia kumfunga ili nionekane mwadilifu. Nimemwondolea kizuizi sasa hivi, na ukabidhi naurudisha leo."

"Kumbe!" alisema Mzee wa Vyanzo. "Uchumba huo nao ulihitaji chanzo."

"Mama, nisamehe," Kifutio aliendelea. "Nilipotajiwa wewe, nilicheka."

Mama alimtazama binti yake. "Hilo hukuniambia."

"Sikutaka uumie, mama."

"Nimechekwa na kompyuta mwezi mzima, mwanangu. Nimezoea. Nimekusamehe, baba."

Kifutio alimgeukia Sindano. "Na wewe?"

Sindano alishika ukingo wa meza.

"Kizuizi hakikuniumiza. Kingekuwa cha haki ningekivumilia. Umeniumiza kwa kuwa umenijua miaka miwili, na ulipoona jambo baya lenye alama ya nyumba yetu, hukusita hata kidogo."

"Nilisita."

"Ulisita wapi? Mbona mimi sikuona?"

Sindano hakumngoja ajibu.

"Kesho tukioana, chumvi ikizidi utaniuliza au utanihukumu? Nikichelewa kurudi kutoka kazini, utaniuliza au utaenda kwanza kuwaeleza majirani ili waone huna upendeleo?"

"Nitakuuliza."

"Unasema kwa sababu umeshajua kwamba si mimi."

"Hapana," Kifutio alisema. "Jana jioni, nikiwa bado sijajua, nilikaa na simu mkononi nikaona jambo moja. Nikaona kwamba hata kama ni wewe, ningetaka nisikie kutoka kwako kwa nini. Nikaona nimeanzia mwisho. Ndiyo maana nilikuandikia, nikakuandikia tena."

Sindano aliukumbuka ule ujumbe. Moyo wake ulilegea kidogo, lakini woga haukuondoka wote. Aliwatazama watu waliozunguka meza, kisha mama yake, aliyekuwa ameinamisha kichwa, midomo ikicheza.

"Ulinihukumu hadharani," alisema. "Basi hilo la kuniuliza, niahidi hadharani. Mama yangu asikie, na Mzee asikie. Ukisema, mjomba wako aje kesho. Usiposema, asihangaike na safari."

Kifutio alitoka nyuma ya meza, akasimama katikati ya chumba, mikono imelegea ubavuni kama mtoto anayetoa shairi shuleni. Watu wote waliinua macho. Mzee wa Vyanzo alivaa miwani yake.

"Mbele ya mama, mbele ya wenzangu hawa, na Mungu anasikia," alisema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, "naahidi: neno lolote baya litakaloletwa kwangu juu yako, lije na ushahidi au lisije nao, wa kwanza kuulizwa utakuwa wewe, na nitakusikiliza mpaka umalize."