Shokapu ya Kirikuu

Kila Ijumaa akitoka shule, Atupele wa darasa la sita alikuwa na kazi mbili nyumbani kwao Pangani, Kibaha. Ya kwanza ilikuwa kupanga mayai kwenye trei, upande uliochongoka chini, upande mnene juu. Hiyo aliipenda. Ya pili ilikuwa kuosha kirikuu, gari dogo la mizigo ambalo mama yake alilitumia kupeleka mayai katika shule moja ya bweni huko Kibuta, wilayani Kisarawe. Hiyo aliifanya kwa sababu mama yake, Bertha, alikuwa mtu wa kukagua. Alipitisha kidole mpaka ndani ya ringi za magurudumu, na kidole kikitoka na tope, Atupele alirudia kazi.

Safari ya Kibuta ilikuwa kila Jumamosi asubuhi. Kwa muda mrefu mayai yalifika salama, ingawa barabara ile ya vumbi ina mashimo yasiyohesabika. Lakini wiki tatu zilizopita trei moja ilifika imelowa ute. Wiki iliyofuata zikawa mbili. Jumamosi iliyopita zilikuwa nne, na Mwalimu Zuwena, msimamizi wa stoo ya shule, hakuficha hasira yake.

"Mama Atupele, mimi nina watoto wanaonisubiri mezani," alisema. "Jumamosi ijayo mayai yakija hivi tena, nitatafuta mtu mwingine. Usinilaumu."

Bertha alirudi nyumbani na wasiwasi. Alikuwa ameacha kazi ya dukani ili afuge kuku, na shule ile ndiyo iliyonunua karibu mayai yake yote. Shule ikimwacha, kuku nao itabidi wauzwe. Alitupa trei za karatasi akanunua za plastiki. Akatandika pumba za mpunga chini ya trei. Kisha akamgeukia binti yake.

"Au unapanga ovyo huku mawazo yako yapo kwenye mchezo wa rede?"

"Hapana, Mama. Napanga vizuri," Atupele alijibu, na hilo lilikuwa kweli.

Hata hivyo, kulikuwa na jambo jingine alilolijua, nalo lilimkosesha raha. Mwezi uliopita yeye na Hashiru, mtoto wa jirani, walipanda nyuma ya kirikuu wakawa wanaruka. Gari lilidunda juu chini, juu chini, nao wakacheka mpaka mbavu zikauma. Ijumaa iliyofuata, alipokuwa akiosha gurudumu la nyuma upande wa kushoto, aliona bomba jeusi lililosimama karibu na gurudumu limelowa oili, na vumbi limegandia juu yake. "Tumeliharibu gari," alijiambia. Akachukua tambara na sabuni, akafuta mpaka bomba likang'aa. Wiki iliyofuata oili ilikuwa imerudi. Akafuta tena. Alifanya hivyo kila wiki, wala hakumwambia mtu.

Siku ya Alhamisi Bertha aliamua kulipeleka gari kwa fundi.

"Lioshe kwanza," alimwambia Atupele. "Kupeleka gari chafu kwa fundi ni sawa na kwenda hospitali bila kuoga."

Atupele akaosha. Oili ilikuwepo palepale. Akaifuta.

Gereji ya Fundi Masumbuko ilikuwa uwanja wenye kibanda cha mabati na magari kadhaa yasiyo na milango. Atupele alimwamkia, "Shikamoo, fundi," naye akaitikia "Marahaba" akiwa tayari ameingia chini ya kirikuu. Alitazama springi, akagonga boliti, akachunguza tairi.

"Mama Atupele, gari lako safi mno. Huku chini mtu anaweza kulia ugali," alisema akijipangusa mikono. "Springi nzima, tairi nzima, hakuna kinachovuja. Mimi naona barabara ndiyo mbovu."

Bertha aliketi juu ya tairi kuukuu. "Basi imekwisha," alisema. "Kesho nitampigia Mwalimu Zuwena nimwambie atafute mtu mwingine kabla hajanifukuza. Kuku nitawauza." Aligeuza uso upande wa pili, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Atupele hakuwa amewahi kumwona mama yake akilia. Aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Alitamani kukimbia, lakini maneno yakatoka yenyewe.

"Fundi, pale nyuma, upande wa kushoto, kulikuwa na oili. Mimi ndiye niliyeifuta. Ninaifuta kila wiki."

Wote wawili wakamtazama. Akaeleza yote, kuruka kwao, bomba na tambara. Alipomaliza alikuwa akilia.

Fundi Masumbuko alikwenda nyuma ya gari, akakandamiza kona ya kushoto kwa nguvu zake zote, kisha akaiachia. Gari likapanda, likashuka, likapanda, likashuka tena kabla ya kutulia.

"Umeona?" alimwambia Atupele. "Gari lililo zima hupanda mara moja likatulia. Hilo bomba ulilokuwa ukilifuta linaitwa shokapu. Springi ndiyo inayobeba gari na mzigo, lakini springi haina adabu. Ikibonyea lazima iruke, ikiruka inabonyea tena. Shokapu ndiyo inayoituliza."

"Inaitulizaje?" Atupele aliuliza huku akivuta kamasi.

"Umewahi kujaza baiskeli upepo? Ukiziba tundu la pampu kwa kidole, kusukuma kunakuwa kugumu. Humu ndani namo kuna oili inayolazimika kupenya kwenye vitundu vidogo, taratibu. Oili ikivuja, springi inaruka inavyotaka, na mayai yanaruka nayo. Tena mayai si kitu. Gurudumu linalodunda haliishiki barabara vizuri. Mama yako akikanyaga breki kwenye mteremko, gari linachelewa kusimama."

Bertha alishika mdomo. Kila Jumamosi walikuwa wakisafiri pamoja katika gari lile.

"Kwa hiyo tuliiharibu tuliporuka?" Atupele aliuliza kwa sauti ndogo.

Fundi alicheka. "Nyinyi wawili? Gari hili limebeba mifuko ya chakula cha kuku miaka mingapi? Imechakaa tu. Tena kama liliwadundisha hivyo mkafurahi, basi shokapu ilikuwa imeshakufa siku hiyo. Ungeiacha oili, ningeiona. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mimi nimekosea, nilipaswa kulikandamiza kabla ya kusema ni barabara."

Siku iliyofuata Fundi Masumbuko alibadilisha shokapu zote mbili za nyuma, kwa sababu, alisema, moja mpya na moja chakavu hulivuta gari upande.

Jumamosi walikwenda Kibuta. Kirikuu kiliingia kwenye mashimo yaleyale, lakini kila kilipotoka kilitulia mara moja. Hata hivyo Atupele alikuwa na wasiwasi njia nzima. Mwalimu Zuwena alizikagua trei zote, moja baada ya nyingine, bila kutabasamu.

"Matatu yana ufa," alisema mwishoni. "Hayo hata jikoni kwangu yangevunjika. Nileteeni tena wiki ijayo."

Bertha alimshukuru mara mbili. Njiani kurudi, Atupele alikusanya ujasiri.

"Mama, umeshanisamehe?"

"Nimekusamehe, mwanangu. Na wewe unisamehe kwa kukusingizia kwamba unapanga ovyo. Lakini sikiliza. Ulikuwa unaficha kosa ambalo hukulifanya, na katika kulificha ukafanya kosa la kweli. Kama breki zingetuangusha mteremkoni, mayai yangekuwa na maana gani? Ukiona kitu kimeharibika, niambie siku hiyohiyo, hata kama unadhani ni wewe uliyekiharibu. Nitagomba, sikudanganyi. Lakini kugomba kwangu huisha jioni ileile."

"Nitasema, Mama," Atupele alijibu.