Uzito wa Jasper

Sanduku la Sheila lilikuwa limezidi tena. Abner alilining'iniza kwenye mizani ya zamani ya kupimia majani chai, iliyofungwa kwenye boriti ya kibanda cha nje, akautazama mshale, kisha akakuna kichwa. Jana lilikuwa sawa.

"Mama Sheila, umeongeza nini humu?"

"Sijaongeza kitu," Damaris akajibu. "Si wewe mwenyewe ndiye ulilifunga?"

Kwa watu wanaohamia Amerika, kilo zinaweza kuvunja ndoa. Wawili hawa walikuwa wamekwisha kugombana juu ya blanketi, na juu ya Biblia ya Kikisii ambayo Abner aliapa haibaki, ingawa kusema kweli aliifungua siku ya Sabato tu. Basi akadhani mkewe ameficha tena unga wa wimbi. Akafungua zipu. Nguo za mtoto zilikuwa pale pale, zimekunjwa vizuri, lakini zilikuwa na unyevu, na zilinuka udongo mbichi na majani ya migomba yaliyooza.

Damaris alilinyanyua sanduku alirudishe ndani. Alipolikumbatia kifuani ili lipite mlangoni, akalibana zaidi. Uzito ule aliujua. Aliubeba asubuhi moja kutoka hapo nyumbani hadi barabara ya Nyakoe kutafuta gari la hospitali, mvua ikimnyeshea, Jasper akikohoa begani mwake.

Jasper alikuwa kitinda mimba wao. Kikohozi kilimchukua mwaka uliopita, viza za familia nzima zikiwa zinasubiriwa, wakamzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba, kama Wakisii wanavyowalaza watu wao. Siku ya mwisho wodini Damaris alimshika mkono akamwambia, "Pona, baba. Tutaenda sote. Sitakuacha nyuma."

Jioni ile mvua ilipoanza kupiga mabati, Damaris akasikia sauti ya Sheila chumbani, ya chini chini, ikiongea na kunyamaza, ikiongea na kunyamaza, na kila iliponyamaza kukawa na mkwaruzo mdogo kutoka ndani ya sanduku, mkwaruzo wa kucha laini juu ya kitambaa, na ile harufu ya udongo ikapita chini ya mlango ikajaa sebule nzima hadi taa yenyewe ikaonekana kufifia.

"Unaongea na nani, mama?" akamuuliza bintiye.

"Jasper," Sheila akanong'ona. "Anasema kule chini kuna baridi. Anauliza kama kwenye ndege kuna blanketi."

Damaris akaketi sakafuni akalia. Mama mkwe wake, Drusilla, alimkuta hapo, akasikia yote, akafunga mlango kwanza.

"Mchungaji asijue," akasema kwa sauti ya chini. "Kesho nitamwita Nyanchera."

Nyanchera alikuwa bibi mpiga ramli kutoka Marani, ambaye Wakisii humwita omoragori, na waumini wengi waliomsema vibaya kanisani walijua vizuri njia ya kwake. Alikuja asubuhi, akanyunyiza wimbi kuzunguka kaburi, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Mtoto huyu hana ubaya," akasema. "Kuna mtu alimwahidi safari."

Damaris akainamisha kichwa.

"Basi ni neno lako linalomshika. Mwambie kwa mdomo wako kwamba haendi. Akivuka bahari hatakuwa na kaburi la kurudi, na mtoto hawezi kulala peke yake. Atatafuta wa kulala naye."

"Mimi nabaki naye," Drusilla akasema. "Kila jioni nitamwashia moto hapa karibu. Mwambie, mwanangu."

Damaris alipiga magoti penye migomba. Kusema maneno yale kulimuuma kuliko siku ya mazishi, kwa sababu siku ile Mungu ndiye aliyemchukua mtoto, na leo ni yeye mwenyewe aliyekuwa akimkataa.

"Jasper, hutaenda. Utabaki na Magokoro, bibi yako."

Migomba ikatulia. Kisha kutoka chini, karibu na magoti yake, sauti ndogo ikamwambia, "Mama, ulisema."

Wale wawili nyuma yake hawakusikia. Damaris akainama kama anayeubusu udongo, akanong'ona, "Njoo, baba. Njoo polepole, wasikuone."

Siku hiyo sanduku lilipimwa likawa sawa kabisa. Drusilla aliimba wimbo wa kanisani akiosha vyombo, na Abner akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Damaris naye alicheka, mradi acheke.

Kwenye ndege alikaa kati ya Abner, aliyesinzia mapema, na Sheila, aliyeng'ang'ania dirisha. Magurudumu yalipoacha ardhi, mapaja yake yakawa mazito. Harufu ya udongo mbichi ikampanda puani, na Mungu amsamehe, alifurahi. Alilitandaza blanketi la ndege magotini, akalichomeka pembeni vizuri, akaanza kubembeleza kwa sauti isiyosikika, mikono yake imejaa tena, machozi yakimtiririka, akisema moyoni kwamba Nyanchera ni bibi mzee tu na wazee hupenda kutisha watu, na hivyo ndivyo alivyoendelea kujiambia hadi blanketi lilipobonyea ghafla na mapaja yake yakawa mepesi.

Akageuka. Pale dirishani Sheila alisogea kidogo, akampisha mtu akae, kisha akakohoa.