Nani Aligonga Kengele?

Kila siku baada ya maharage ya saa sita, sisi wanafunzi wa bweni huko Kashebere tulilala kwa amri. Kengele yetu ilikuwa chuma cha gurudumu la lori kilichoning'inizwa kwenye mkaratusi. Ikilia kwa saa yake, tunaingia darasani. Ikilia ovyo, wenye bunduki wanakuja, na kila mtu akimbilie msituni.

Jumanne ile ililia ovyo. Mara tatu.

Watoto mia mbili walitoka mbio bila viatu. Hakuna risasi iliyosikika, lakini Chantal wa darasa la tano hakurudi. Tulimwita saa nzima, sauti zikitukauka, hadi tulipomkuta mtaroni, mkono umevunjika, akikataa kutoka.

Mkuu wa shule, Mama Léontine, alitupanga uwanjani. "Nani aligonga? Huyo anarudi kwao leo."

Niliinua mkono kwa heshima zote za shahidi mwaminifu. "Mama, ni Hubert. Tulitoroka usingizi watatu, tukakaa chini ya mkaratusi: mimi, Noël na yeye. Nilimuona."

Na kweli nilimwona kichwani: mikono yake, kicheko chake. Hubert ni wa Buleusa, kule wilaya ya Walikale, na sisi wa wilaya jirani ya Masisi tunawajua watu wa msituni.

"Damascène, uko mwongo!" Hubert alipiga hatua mbele. "Mama, njia ya kwetu iko na vita. Nitapita wapi?"

"Noël?" Mama Léontine aliuliza.

"Sikuona muzuri, Mama."

Wenzake Hubert wa Walikale walipiga kelele kwamba ni mimi. Wa Masisi wakasema ni Hubert. Wote walikuwa wamelala, na wote waliona.

"Basi muniletee nyundo ya kengele," alisema Mama Léontine. "Haiko pa mahali yake."

Nilikimbia, mwema kama malaika. Nikazunguka jikoni, nikaingiza mkono chini ya majani ya maboga, nikaitoa. Nilipogeuka, uwanja mzima ulikuwa ukinitazama.

"Nani alikuambia iko pale?" aliuliza Mama Léontine.

Hakuna aliyeniambia. Ndipo nikakumbuka baridi ya nyundo kiganjani, na kile kicheko. Kilikuwa changu.

"Ni mimi njo niligonga, Mama. Hubert alisema tuache."

Sikufukuzwa, kwani barabara ya Masisi nayo ilikuwa ya kutisha. Nilimwomba Hubert msamaha mbele ya wote, na Chantal nikamfulia nguo hadi mkono wake ukapona.

"Watu wa Masisi mulimuona Hubert," Mama Léontine alituambia. "Wa Walikale, mulibahatisha tu. Muntu akijiona yeye na watu wake njo wazuri, kichwa chake kinamutafutia mwingine wa kubeba kosa. Leo kilitaka kutuma mutoto kwa bunduki. Mbele ya kusema 'nilimuona', mujiulize: na mimi, nilifanya nini?"