Mkate Mmoja Katikati ya Trei

Kila siku ya shule nilimngoja Sarolta langoni saa moja na nusu asubuhi, na kila siku alichelewa. Tuliishi ua mmoja hapa mjini Makó, sisi upande wa barabarani, yeye na bibi yake Rozália upande wa nyuma, na katikati yetu ukuta uliojaa mashada ya vitunguu. Nilikuwa nikisikia mlango ukibamizwa, kisha sauti ya Bibi Rozália ikimkumbusha kitambaa, au sandwichi yake, au siku nyingine viatu. Sarolta alisahau kila kitu isipokuwa hesabu. Njiani tulikuwa tunazungumza hesabu hizo hizo, mimi nikibishana naye, na karibu kila mara nikishindwa kabla hatujafika shuleni.

Tulikuwa na miaka kumi na mitatu. Walimu wa mkoa wetu walichapisha kijarida kidogo cha hesabu kila mwezi, chenye maswali sita kwa wanafunzi. Unalihangaikia swali nyumbani, unaandika suluhisho kwa mwandiko safi, unatia stempu na kulituma. Kila swali lina alama tano. Mwezi wa Juni kijarida kilichapa picha za wanafunzi kumi waliokusanya alama nyingi kwa mwaka mzima, na hao kumi walikwenda kambini Ziwa Balaton kwa siku kumi. Mimi nilikuwa nikiiota kambi ile tangu nikiwa na miaka kumi. Sarolta naye aliiota, tena hakuwa amewahi kuona maji mapana kuliko mto wetu. Mwezi wa Mei mwaka ule yeye alikuwa wa kumi, kwa alama themanini na saba. Wa kumi na moja nilikuwa mimi, kwa alama themanini na nne.

Aliyesahihisha maswali ya jiometria alikuwa Mwalimu Hedvig wa shule yetu. Kila Alhamisi baada ya masomo alitukusanya watu kumi na watano hivi katika darasa la mwisho la korido, akiwa na koti lake la buluu lililojaa vumbi la chaki. Sijawahi kumwona mwalimu mwingine wa namna ile. Hakumwambia mtu kwamba amekosea. Alisema tu, "Hebu nionyeshe," na mtu akianza kuonyesha alijikuta analiona kosa lake mwenyewe. Darasa lile lilikuwa na desturi moja: anayeona kosa ubaoni, hata kama aliyeandika ni mwalimu, hapigi kelele wala hacheki. Anasimama na kunyoosha mkono, na aliye ubaoni anampa chaki.

Swali lililoleta mambo lilikuwa la mwezi wa Machi, na Mwalimu Hedvig ndiye aliyelitunga. Juu ya trei ya mstatili tumepanga visahani vya duara vilivyo sawa. Hakuna kilichopanda juu ya kingine, wala kilichotokeza nje ya ukingo. Tumeendelea kupanga mpaka hakuna nafasi ya kuongeza hata kimoja bila kuvisogeza vilivyopo. Je, ni kweli kwamba tukichukua visahani mara nne ya hivyo, na safari hii tukiruhusu vipandane na kutokeza nje, tutaweza kuifunika trei yote bila kuacha wazi hata nukta moja?

Mimi nililiacha swali hilo. Sarolta alilijibu kwa nusu ukurasa, na jibu lake likachapwa Aprili pamoja na jina lake. Nililisoma mara nyingi mpaka nikalijua kwa moyo, na hata sasa nikiwa mtu mzima huwa nalifurahia. Chagua nukta yoyote ya trei, aliandika. Umbali wake kutoka katikati ya kisahani fulani lazima uwe mdogo kuliko upana wa kisahani, kwa sababu kama visahani vyote vingekuwa mbali zaidi ya hapo, tungeweka kingine juu ya nukta hiyo. Basi kila kisahani kikibadilishwa kwa chenye upana mara mbili, trei yote itafunikwa. Sasa punguza picha nzima iwe nusu kwa urefu na kwa upana. Vile visahani vipana vinarudi kuwa vya kawaida, na trei inakuwa robo ya trei. Kumbe visahani tulivyoanza navyo vinatosha kufunika robo moja, na robo ziko nne. Mwalimu Hedvig alimpa tano kwa tano na kuandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba hoja hiyo imemfurahisha siku nzima.

Jumamosi moja ya Mei Bibi Rozália alikuwa akioka pogacha, vile vimkate vya chumvi vya mviringo, na harufu ikanivuta jikoni kwao kama kawaida yangu. Alikuwa amekata donge lote kwa mdomo wa gilasi na kujaza trei mbili kubwa. Vikabaki vile vipande vya pembeni vinavyobaki kila unapokata duara kutoka kwenye unga. Bibi hakuwahi kuvitupa. Alivikanda pamoja, akakata mkate mmoja wa mwisho, akauweka katikati kabisa ya trei ndogo ya mraba ili usishike kando. Huo ulikuwa wa mgeni, na mgeni nilikuwa mimi.

Sarolta alikuwa ameketi akichezea gilasi. Ghafla akaacha. Akaichukua ile trei ndogo, akaiweka mbele yake, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akauweka mdomo wa gilasi pembeni mwa ule mkate, akajaribu kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kila mara gilasi ilipanda juu ya mkate au ikatokeza nje ya ukingo.

"Bibi, nikiusogeza huu?"

"Uache hapo hapo. Umeshika, utauchana."

Akaomba rula. Mkate ulikuwa na upana wa sentimita sita, na trei ilikuwa kumi na mbili kwa kumi na mbili. Mimi nilikuwa natafuna pogacha ya trei ya kwanza na sikuona kitu chochote. Ningeketi pale mpaka usiku nisingeona. Akaandika kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani: mraba wa trei, mia moja arobaini na nne. Chini yake akaandika eneo la mkate mmoja, tatu mara tatu mara tatu nukta moja nne, akazidisha kwa nne. Ikaja mia moja kumi na tatu na kitu kidogo.

"Mkate mmoja umeijaza trei hii," alisema polepole. "Hakuna nafasi ya wa pili. Kwa hiyo nilisema minne itaifunika. Lakini minne haina hata eneo la kutosha, Botond. Uipange unavyotaka, ukipenda ikatekate. Haitoshi."

Nikamwambia labda amepima vibaya. Akapima tena. Halafu akaweka ncha ya kidole kwenye kona ya trei.

"Ni hapa. Niliandika kwamba tungeweka kingine juu ya nukta hiyo. Ukiweka kisahani juu ya nukta hii kinatokeza nje, na swali limekataza. Mimi nilifikiria katikati tu. Kona sikuziangalia."

Niseme ukweli, maana hadithi hii haina faida nikijipamba. Nilipoelewa, jambo la kwanza nililofanya ni kutoa alama tano kwenye themanini na saba. Zikabaki themanini na mbili. Moyo wangu ukaruka kwa furaha, na furaha ile ikanitia aibu papo hapo. Nadhani ni ile aibu iliyonisemesha.

"Nyamaza tu," nilimwambia. "Mwalimu mwenyewe hakuona. Orodha inapelekwa Ijumaa. Nani atajua?"

Sarolta aliinua macho akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la lugha ya kigeni. "Lakini si kweli," alisema. "Limechapwa na si kweli, na lina jina langu."

Bibi Rozália, ambaye hakuelewa hesabu hata chembe, alikuwa ameshaelewa mengine yote. Alimuuliza mjukuu wake kama jambo hilo litamkosesha kwenda ziwani. Sarolta akasema ndiyo. Bibi akajifuta mikono kwenye aproni, kisha akamwambia hiyo trei ndogo anaweza kuondoka nayo, yeye atatafuta nyingine.

Siku zile nne hadi Alhamisi Sarolta hakuchelewa langoni hata mara moja. Hakuwa analala vizuri. Jumatatu alilia njiani, bila sauti, na kuniambia nitazame mbele. Alikuwa amenunuliwa nguo ya kuogelea na shangazi yake wa Szeged, na nguo yenyewe ilikuwa imeshafika kwa posta. Nilitamani kumwambia tena anyamaze, na pia nilitamani aseme, na sikujua ni tamaa ipi iliyokuwa yangu hasa.

Alhamisi Mwalimu Hedvig alikuwa ubaoni akitoa mfano kutoka kwenye lile lile swali la Machi. Alikuwa anawaonyesha wanafunzi wadogo namna hoja ya Sarolta inavyokwenda, na alikuwa anaisifu. Sarolta akasimama. Akanyoosha mkono.

Mtu ananyoosha mkono dhidi ya suluhisho lake mwenyewe? Hatukuwahi kuona. Mwalimu Hedvig alimtazama, akautazama na mkoba wake uliobeba kitu cha mraba, kisha akampa chaki.

Sarolta hakusema mengi. Aliweka trei juu ya meza, akaweka katikati yake duara la kadibodi, akawaita wadogo wajaribu kuingiza la pili. Hawakuweza. Kisha akaandika namba zake mbili ubaoni, mia moja arobaini na nne na mia moja kumi na tatu, moja juu ya nyingine. Akasema kosa liko kwenye kona, na kwamba ni lake.

Mwalimu Hedvig alivua miwani. Alikaa kwenye dawati la mwanafunzi, kwenye kile kiti kidogo, akaiangalia trei, kona moja baada ya nyingine.

"Ni letu wote wawili," alisema mwishowe. "Mimi ndiye niliyelitunga swali nikiamini jibu ni ndiyo. Nimeisoma hoja yako mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa nimesimama katikati ya trei pamoja nawe." Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida ya kila Alhamisi, "Na tukiruhusu visahani vitokeze nje tangu mwanzo, mradi kitovu cha kila kimoja, nukta yake ya katikati, kibaki juu ya trei? Hebu nionyeshe."

Sarolta akageukia ubao. Niliuona mgongo wake ukinyooka. Kama kitovu ndicho tu kinachotakiwa kuwa juu ya trei, basi unaweza kweli kuweka kisahani juu ya nukta yoyote, hata ya kona, na hoja yote inasimama imara kutoka mwanzo hadi mwisho. Aliiandika kwa mistari sita. Ilikuwa safi kuliko ile ya kwanza.

Mtoto mmoja wa nyuma akasema basi aachiwe alama zake, kwa sababu amesema ukweli. Wengi wakaitikia, na mimi nikaitikia, ingawa si kwa sauti kubwa. Mwalimu Hedvig akatikisa kichwa.

"Alama ni za suluhisho, na suluhisho la Machi lilikuwa na kosa. Nikiulipa ukweli wake kwa alama, nitakuwa nimeununua. Haukuwa wa kuuzwa." Akamgeukia Sarolta. "Unanielewa, mwanangu?"

"Ndiyo, Mwalimu," alisema Sarolta, akamrudishia chaki.

Hivyo Juni picha yangu ikatoka kwenye kijarida, nikiwa wa kumi, nywele zimelowa maji ya kuchania. Ukurasa wa mwisho wa toleo lile ulikuwa wa masahihisho. Palichorwa mraba wenye duara moja katikati, na chini yake majina mawili: Mwalimu Hedvig na mwanafunzi wake.

Kule ziwani kila mmoja alitakiwa kuleta swali moja la kuwapa wenzake. Jioni ya kwanza nilichora ule mraba na lile duara. Wale tisa wengine, wanafunzi hodari wa mkoa mzima, walijibu ndiyo, maduara manne yatatosha, mmoja baada ya mwingine. Nikawaonyesha kona. Wakauliza ni nani aliyeiona, nami nikawaeleza yote, pamoja na sehemu yangu ya kutafuna na kutoa alama. Hakuna aliyenicheka. Msichana mmoja akatoa kadi ya posta, na tukaisaini kwa kalamu nene mpaka saini zikapandana.

Sarolta alipoipokea alikuja nayo uani. Hakuisoma kwanza. Alipitisha kidole kwenye kona zote nne kuona kama kuna mahali palipobaki peupe. Hapakubaki. Nilikuwa nimehakikisha.

Septemba Mwalimu Hedvig alibandika kadi ile juu ya ubao, na ile trei ndogo akaitundika pembeni yake kwa msumari. Wapya walipouliza trei ya kuokea inafanya nini darasani, aliwasimulia, kisha akawaambia hivi: "Mtakosea sana humu ndani, na mimi nitakosea pamoja nanyi. Kosa halitamfukuza mtu darasani kwangu. Nawaomba jambo moja. Siku mtakapoliona kosa ambalo hakuna mwingine aliyeliona, nyoosheni mkono, hata kama ni lenu, na hata kama mmeshasifiwa."

Sarolta alikuwa amechelewa siku hiyo. Aliingia katikati ya maneno hayo, kitambaa amesahau, na akakaa karibu nami.