Kabati la Kinyozi

Kila alipotoka shuleni, Chiriku alifagia maranda katika karakana ya baba yake, fundi seremala. Mama ndiye aliyempa jina hilo, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika.

Alasiri moja kinyozi alionekana akivuka barabara.

"Mwambie sipo," baba alinong'ona, akaingia chumba cha nyuma.

"Shikamoo," alisema Chiriku mlangoni. "Baba hayupo."

Lakini mkono wa fundi haukai bure. Kule nyuma randa ikaanza: kwaru, kwaru.

"Marahaba, mwanangu. Na anayepiga randa nani? Panya?"

Chiriku aliushika ufagio akaanza kufagia kizingiti.

Kinyozi hakupandisha sauti. "Kabati langu la vioo nililipia lote, tukaandikiana na tarehe. Tarehe imepita zamani. Chumba nakilipia kodi, nacho ni kitupu. Wateja nawanyolea nje juani. Mwambie huyo panya kwamba Jumatatu naenda mahakamani."

Baba alipopewa salamu hizo, alicheka. "Maneno tu hayo."

Mama, aliyekuwa akipaka vanishi kiti, aliweka brashi chini. "Si maneno, baba Chiriku. Hakimu anaweza kukuamuru urudishe fedha zote, na ulipe hasara ya chumba chake. Ukishindwa, hata zana hizi zinaweza kuchukuliwa. Tutakula nini?"

"Kwani mbao zake ziko wapi?" aliuliza Chiriku.

Baba aliutazama mlango aliokuwa akiuranda. "Ndizo hizi. Mwenye mlango alikuwa na haraka zaidi."

"Na mimi umenituma niseme uongo, baba. Nilitamani ardhi inimeze."

Baba alivua aproni, wakaenda pamoja kwa kinyozi.

Kinyozi alikuwa nje, akimnyoa mzee mmoja aliyejifunika nusu ya kichwa kwa gazeti kukinga jua.

"Ndugu yangu," alisema baba, "nilikuwepo. Mbao zako nimezitumia kwa kazi ya mtu mwingine. Nimekukosea. Nyumbani nina mbao nilizoziweka kwa kitanda chetu. Kesho naanza kabati lako."

"Panya kajitokeza," alisema kinyozi, na mzee akacheka hadi mkasi ukasimama. "Mimi nataka kabati, sitaki kesi. Lakini tarehe mpya tuiandike, na kodi ya mwezi huu ni juu yako."

"Ni haki yako."

Kabati lilifika siku mbili kabla ya tarehe hiyo. Kinyozi alifuta vioo kwa kiganja, akamwita mteja wa kwanza aingie ndani.

Jioni, kabla ya sala, mama alisema, "Fedha ya mtu uliyopokea kabla ya kazi ni amana. Hakimu huiulizia, na Mungu huiulizia. Ukiona unachelewa, mfuate mwenyewe umwambie kweli, kabla yeye hajakufuata."

"Na wewe Chiriku," alisema baba, "siku nyingine nikikwambia useme sipo, sema, 'Yupo, ila anaona aibu.'"