Besi Alichomoa Waya wa Maiki Yangu

Niliuona mkono wa shoga yangu ukichomoa waya wa maiki yangu... mbele ya umati!

Taa nyekundu ya maiki ikafa. Mimi niko katikati ya ubeti, mdomo wazi kama mlango wa banda.

Wajukuu zangu wa mtandaoni, sogeeni.

Kwaya yetu ya kiwanda cha kushona sare niliianzisha mimi. Umeme ulikatika, cherehani zikanyamaza, tukakaa kama kuku walionyeshewa. Nikatoa wimbo. Wakaitikia! Tangu hapo tukawa tunaimba mapumziko ya mchana, tunawaaga wanaostaafu, tunawazika wenzetu kwa nyimbo. Noti hatuzijui. Mimi naanzisha, wao wanafuata.

Siku hiyo tulialikwa kuimba jukwaani, mbele ya watu wasiotujua. Na aliyechomoa waya ni Besi, tunamwita hivyo kwa sauti yake nzito. Tumeshona meza moja tangu usichana!

Nilimfuata nyuma ya jukwaa.

"Umenifanya nini wewe?"

"Dada, tulia kwanza."

"Nitulie? Unaitaka nafasi yangu, sema!"

Machozi yanamtoka.

"Nyoka wewe! Na watoto wako nimekulelea!"

Akapita, akaenda nyuma yangu. Wanakwaya wote walikuwa mbele yangu. Ghafla wakaruka! Mmoja akashika kifua.

"Mna nini nyie?"

Nikageuka. Sinia la chuma liko sakafuni, miguuni pa Besi, bado linayumba.

Sikusikia kitu, wajukuu zangu. Hata chembe.

Kumbe! Kiwandani mashine zinanguruma, sote tunasemezana kwa kusomana midomo. Masikio yakafa polepole, mwenyewe sina habari. Nyumbani nalalamika tu, watoto wa siku hizi mbona wananong'ona...

"Tangu lini, Besi?"

"Siku nyingi, dada. Ukianza wimbo umepotea, na sisi tunapotea na wewe. Kiwandani sawa, ni kwetu. Lakini leo watu wameanza kukucheka..."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi?"

Nilikaa juu ya kreti ya soda nikalia. Sijui nililia kwa sauti gani.

Siku hizi siimbi. Nasimama nyuma ya Besi, kiganja mgongoni pake, wimbo unaniingia kwa mkono.

Jamani, unayempenda mwambie ukweli mapema, hata ulimi ukiwa mzito. Huruma ya kimya inauma mara mbili.

Juzi mjukuu wangu wa mwisho kaanza kusema. Neno lake la kwanza ni "bibi".

Nimeliona midomoni mwake...