Bolti Nne Nyuma ya Redio

"Gari la mgonjwa linakuja kwako. Usilikatae."

Simu ikakatika.

Sauti ilikuwa ya Mzee Filemon, mkaguzi wa kahawa kwenye kizuizi cha Himo, na mmoja wa wazee saba wa Kamati ya wakulima ambayo serikali haikujua kwamba ipo.

Wenseslaus akatundika mkono wa simu ukutani, akafuta grisi vidoleni. Kwa watu wa mtaa wa Njoro alikuwa fundi umeme wa magari katika gereji ya Mzee Khamisi. Kwa Kamati alikuwa mpelelezi. Alibeba redio ya jeshi mgongoni miaka mitatu, hadi misitu ya Burma, na vita vilipokwisha Waingereza wakampa koti kuukuu na kumwambia arudi kwao akapalilie. Sasa ulikuwa mwaka 1953, na hasira ile ilikuwa bado mbichi.

Mgonjwa alikuwa Bwana Prentisi.

Mlowezi huyu alikuwa na mashamba tambarare, na macho yake yalikuwa juu mlimani, kwenye vihamba vya Mwika, mashamba ya ukoo ya kahawa na migomba. Kamati ilikuwa imesoma barua yake kabla haijafika Nairobi. Alitaka kuleta kutoka Kenya buni zenye ugonjwa wa kuoza, azipandishe Mwika na kuzimwaga chini ya mibuni ya watu. Kahawa ikifa, wenyewe watashindwa. Wakishindwa, yeye atakuja na hati ya kuchukua ardhi.

Mwezi uliopita Filemon alimsimamisha Himo. Prentisi akatupa kifurushi mtoni kutoka darajani, kisha akatabasamu. Ushahidi ukaenda na maji.

Chevrolet ya 1937 ikaingia gerejini saa nne asubuhi, rangi imechujuka, matairi yamejaa vumbi. Prentisi alishuka na boksi la redio kifuani, akalisukuma juu ya meza ya kazi.

"Boi. Funga hii chini ya dashibodi. Skrubu mbili hapa mbele, basi. Nataka niweze kuitoa mwenyewe."

Hakungoja jibu. Alikwenda hotelini kunywa chai.

Khamisi alimsindikiza kwa macho, akacheka puani. Alisema tangu aanze ufundi hajaona mtu anayefunga redio kwa skrubu mbili katika gari kuukuu. Redio ya gari ilikuwa na valvu za kioo, ilikuwa na transfoma ya chuma, uzito wake ulimchosha mtu mkono. Kwa skrubu mbili, na barabara ile ya matuta, ingemwangukia dereva miguuni kabla hajafika Kiboriloni.

"Anayenunua redio anataka ikae," Wenseslaus alisema. "Huyu anataka itoke."

Akalinyanyua boksi.

Jepesi.

Akafungua skrubu za mfuniko kwa bisibisi yake ya Stanley. Ndani hamkuwa na valvu wala transfoma. Ilibaki taa ndogo tu ya kumulika namba. Nyuma yake kulikuwa na kopo la tumbaku lililozungushiwa gunia bichi. Ndani ya kopo, buni. Nyeusi, zimebonyea, zinanuka. Juu yake karatasi yenye mwandiko wa Prentisi: majina kumi na mawili ya wenye vihamba.

Jina la nne lilikuwa Zita, Mwika.

Mama yake.

Mjane aliyeipanda mibuni ile kwa mikono yake, akaimwagilia kwa maji ya mfereji wa ukoo, akamsomesha mwanawe kwa kila punje. Wenseslaus alishika tindo. Hakujua ameishika lini. Alikuwa ameshafika mlangoni Khamisi alipomdaka mkono.

"Mwanangu, ukimpiga leo utanyongwa wewe. Yeye ataleta kopo jingine."

"Niende polisi?"

"Nenda. Atasema fundi mweusi ndiye aliyeweka. Ataaminiwa nani?"

Wenseslaus akairudisha tindo mezani. Khamisi alikuwa amesema kweli, na ukweli huo ndio uliomchoma zaidi. Ilibidi mtu yule akamatwe mbele ya macho ya watu, mikono yake mwenyewe ikimshtaki. Na safari hii asipate cha kutupa mtoni.

"Basi nitamfungia redio," alisema. "Nitaifunga kifundi."

Akarudisha kila kitu ndani ya boksi kama kilivyokuwa. Akakata bapa la chuma kwenye chesisi ya lori bovu, akalikunja kwa nyundo likakumbatia boksi nyuma na chini. Akatoboa matundu manne kupitia mgongo wa boksi, bapa na ukuta unaotenga injini na viti. Akapitisha bolti nne, washa za springi zisilegee, nati. Akakaza mpaka spana ikalia. Kisha akaziponda ncha za bolti kwa nyundo, kila pigo na tusi lake, hata nyuzi zikafa. Nati zile zisingefunguka tena.

Waya wa taa aliupitisha katika mpira usije ukakatwa na bati, akauwekea fyuzi. Hata kwa adui hakuweza kufanya kazi ovyo.

Mbele akaweka skrubu mbili, zinang'aa.

Prentisi aliporudi alizitazama skrubu, akaguna, akaondoka. Wenseslaus akazungusha kishikio cha simu kumpigia Filemon. Karani wa posta alikuwa na tabia ya kusikiliza.

"Shikamoo, mzee. Mgonjwa ametoka. Mwombe aimbe."

"Marahaba. Ataweza?"

"Hana koo."

Akatia tindo na spana ya magurudumu kwenye mkoba, akairukia pikipiki ya Khamisi, BSA iliyopitia vitani kama mpandaji wake.

Kiboriloni akaipita kasi. Vumbi la Chevrolet lilikuwa mbele yake, jekundu, nene, likimwingia mdomoni. Alilimeza. Kila maili aliliona jina lile la nne.

Himo ilikuwa siku ya soko. Kizuizi kilikuwa kichwani mwa daraja, na akina mama wenye mikungu ya ndizi walikuwa wamejaa pande zote mbili. Filemon alikuwa ameshainama kwenye dirisha la Chevrolet, kofia mkononi, mpole kuliko siku zote.

"Redio mpya, Bwana Mkubwa. Tuwashie nasi tusikie."

Prentisi alisema ana haraka.

"Wimbo mmoja tu."

Prentisi akawasha. Taa ikamulika. Kimya.

"Ameleta redio bubu," mama mmoja akasema, na soko zima likacheka.

Filemon akaacha kucheka. "Sasa tuifungue."

Prentisi akapapasa bisibisi mfukoni. Akang'oa skrubu mbili kwa bisibisi, akavuta boksi. Halikuja. Akaweka mguu kwenye dashibodi, akavuta kwa nguvu zote, vidole vikachanika kwenye chuma, damu ikachirizika hadi kiwikoni. Gari zima lilitikisika. Boksi halikutikisika. Na watu mia mbili walimwona mwenye redio akipigana na redio yake, macho yamemtoka yakiangalia mto.

Ndipo akachomoa bastola yake ya Webley.

Wenseslaus, aliyekuwa ndiyo kwanza amefika, aliiachia pikipiki ianguke. Spana ya magurudumu ikashuka kwenye kifundo cha mkono wa Prentisi. Bastola ikalia, risasi ikatoboa bati chini ya kiti, nayo ikaanguka nje mlangoni. Filemon akaikanyaga.

"Wewe boi," Prentisi alinong'ona. "Nilikwambia skrubu mbili."

Wenseslaus alimsogelea hadi pumzi zikagusana. Spana ilikuwa bado juu.

"Mama yangu ni wa nne kwenye karatasi yako," alisema. "Ningekupiga sasa, lakini nataka uisikie ikisomwa."

Akaitia tindo kwenye mfuniko. Kopo likatoka. Filemon aliisoma karatasi kwa sauti, jina baada ya jina, na kila jina lilikuwa na mtu pale sokoni, au dada yake, au shemeji. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Buni zilimwagiwa petroli na kuchomwa ndani ya pipa, zikabakizwa tatu tu katika chupa iliyofungwa kwa lakiri. Karatasi ilinakiliwa mara tano kabla ya serikali kufika.

Ofisa wa polisi Mwingereza alifika saa nane kwa Land Rover. Alimkuta Prentisi amekalishwa ndani ya gari lake, na watu wamelizunguka pande zote, hawapigi wala hawaondoki. Alitazama bapa, bolti, nati zilizopondwa. Akauliza nani aliyefunga redio hii.

Akina mama walimtazama usoni. Wakasema wao ni wauza ndizi, mambo ya redio hawayajui.

Kando yao kijana mmoja alikuwa akisukuma pikipiki iliyopinda usukani. Alimpita ofisa karibu kiasi cha kumgusa bega, hakuvua kofia, akakata kona kushika njia ya Mwika.

Hakugeuka nyuma.